Ibada ya Nyumbani Isiyokufa Wiki ya Pili

Nyumba nyingi za Wakristo ninazozijua hapa Nakuru zimewahi kuanzisha ibada ya jioni. Huanzishwa Januari, baada ya kesha la mwaka mpya, na kufikia mapumziko ya katikati ya muhula Biblia imesharudi juu ya kabati, imefichiwa risiti za karo ndani. Yetu ilikufa mara tatu. Mara ya kwanza niliiua mwenyewe: nilisoma sura yote ya kwanza ya Yohana, mistari hamsini na mmoja, kisha nikaihubiri kama mtu aliyealikwa kwenye mkutano wa injili uwanjani. Kitindamimba wetu alilala na tonge la ugali mkononi. Mke wangu alinyanyuka akaenda kuosha sufuria, na jinsi alivyozigonganisha nilielewa ujumbe.

Kwa hiyo anayewaandikia si mtu aliyepatia tangu mwanzo. Mimi ni fundi wa magari, mke wangu ni mshonaji, tunakaa mtaa wa Free Area na watoto watatu, mmoja wao yuko bweni. Siku hizi tunakaa chini jioni tano kwa wiki. Ni tano, si saba, na sababu yake mtaiona.

Hatua ya kwanza: elewaneni nyinyi wawili kabla ya kuwaita watoto

Akina baba tuna tabia ya kutangaza ibada mezani kama amri ya serikali. Mama wa nyumba, ambaye ndiye anajua mboga itaiva saa ngapi na nani hajamaliza kazi ya shule, anaitikia kwa kinywa tu. Kaeni wawili kwanza, mahali ambapo hamgombani. Sisi tulizungumza tukiwa tunatembea kutoka sokoni. Maswali yalikuwa matatu: itakuwa saa ngapi, nani ataongoza, na tutafanya nini siku ambayo sisi wenyewe tumenuniana. Hilo la tatu ndilo lililoiokoa ibada yetu, nitalirudia.

Kama unalea peke yako, au wewe ni nyanya unayelea wajukuu kama wengi kule kwetu Vihiga, usidhani nyumba yako ni nusu nyumba. Paulo anapotaja imani ya Timotheo inakotoka (2 Timotheo 1:5), anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba hayumo. Matendo 16 yanasema tu kwamba alikuwa Myunani.

Na kama mnaishi pamoja miaka mingi lakini ndoa haijakaa sawa, mkaogopa hata kusogelea meza ya Bwana, litatueni hilo mapema. Wengi wanangoja hela za sherehe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa ya Kikristo ifungishwe na mhudumu mwenye leseni mbele ya mashahidi wawili. Hema, keki na msafara wa magari havimo. Ndoa ya kimila nayo inatambuliwa, ila ni lazima isajiliwe. Nendeni mkaongee na mchungaji wenu. Wengi wao wameshafungisha ndoa za watu waliokuja na nguo za kila Jumapili tu.

Hatua ya pili: tafuteni saa ambayo watu tayari wamekaa

Usiiundie ibada saa mpya. Itegeshe kwenye saa iliyopo. Kwetu ni mara tu baada ya chakula, kabla vyombo havijatolewa mezani. Mtu akishainuka kupeleka sahani, kumrudisha ni kazi: mmoja yuko chooni, mwingine ameshika simu, wa tatu amekumbuka hajapiga pasi sare. Taarifa ya habari ya Kiswahili ni saa moja na ya Kiingereza ni saa tatu. Katikati hapo pana nafasi ya kula na kuomba bila mtu kulalamika.

Asubuhi sikushauri ukiwa na watoto wa shule za mjini. Gari la shule linapiga honi saa kumi na mbili, na maombi ya mtu anayetafuta soksi si maombi.

Hatua ya tatu: dakika kumi na tano, basi

Mpangilio wetu uko hivi. Wimbo mmoja, beti mbili, na mtoto ndiye anayechagua hata kama ni uleule wa jana. Kisha mistari kumi au kumi na miwili, kila anayejua kusoma akisoma kipande chake, na anayesoma kwa kudondoa anasubiriwa. Kisha swali moja tu, nalo ni lilelile kila siku: ni neno gani hapo limekushangaza? Usiulize fundisho la somo ni nini. Watoto wanajua fundisho ambalo baba anataka kusikia, watakupa, na hutaambulia kitu.

Halafu kimya cha dakika moja. Hii nilitoka nayo nyumbani. Nililelewa katika Kanisa la Marafiki (Quaker), ambalo wamisionari wake walifika Kaimosi mwaka 1902, na ingawa makanisa yetu siku hizi yanaimba na kuhubiri kama mengine, marehemu babu yangu alikuwa na desturi ya kunyamaza kabla ya kuomba. Dakika moja ya kimya ni ndefu kuliko mnavyodhani. Unasikia friji ya jirani. Mwanzoni watoto watacheka. Acha wacheke, watachoka.

Mwisho, kila mtu anaomba sentensi moja, na wote tunafunga kwa Baba Yetu. Sentensi moja ndiyo sheria, kwa watu wazima pia. Yule shemeji anayejua kuomba kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo akija kukutembelea, mweleze sheria kabla, kwa heshima.

Hatua ya nne: anzeni na Marko

Msianze na Mwanzo. Mtafika Mambo ya Walawi mkiwa mmechoka. Marko ina sura kumi na sita tu na mistari isiyofika mia saba, Yesu anatembea kutoka kijiji hadi kijiji, na kila jioni kuna kisa. Kwa mistari kumi na miwili kwa siku, siku tano kwa wiki, mnaimaliza ndani ya muhula mmoja wa shule.

Niwape mfano wa jinsi inavyokuwa. Tulifika sura ya nne, dhoruba ziwani. Binti yetu wa darasa la nne alisoma kwamba Yesu alikuwa “katika shetri, amelala juu ya mto”. Akasimama hapo. “Baba, mtu analalaje juu ya mto? Si atazama?” Kaka yake akacheka mpaka akakohoa. Mke wangu, ambaye amekulia Kisumu upande wa Nyalenda na ana wajomba wavuvi, akamweleza kwamba huu ni mto wa kulalia, na kwamba shetri ni upande wa nyuma wa chombo, mahali anapokaa mwenye kushika usukani. Kisha akawasimulia jinsi upepo wa ziwa unavyobadilika ghafla, na jinsi mama yake alivyokuwa akikaa macho usiku mtu akichelewa kurudi. Mimi nilinyamaza. Dakika kumi na tano zilizidi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza tunamaliza saa ngapi. Injili zote tatu zinazosimulia dhoruba ile zinasema alilala, lakini ni Marko peke yake anayetaja mto. Sikuwahi kuliona hilo miaka yote, mpaka mtoto alipodhani ni mto wa maji.

Mkimaliza Marko, Mithali inafaa kwa mwezi mmoja: ina sura thelathini na moja, mnafungua ile ya tarehe ya leo na kuchagua mistari mitano. Kisha Ruthu, kisha Matendo.

Mama yangu akija kutoka Vihiga husoma kwa Kilogooli, na sisi tunafuatisha kwa Kiswahili. Watoto waligundua wenyewe kwamba nyanya yao akisema Mungu anasema Nyasaye, na mama yao akiomba kwa Dholuo anasema Nyasaye vilevile, ilhali katika maneno mengine yote hawa wawili hawaelewani. Kama nyumba yenu ina lugha mbili, zitumieni zote. Mtoto wa mjini asiyejua lugha ya kwao huishika kwanza kwa wimbo.

Hatua ya tano: kila mtoto na kazi yake, kila simu na mahali pake

Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa dakika kumi na tano bure. Wetu ndiye aliyekuwa wa kuleta Biblia, na ndiye aliyesema “Amina” ya mwisho, bila hiyo hakuna anayeruhusiwa kuinuka. Alijiona askofu. Simu zote zinaingia kwenye sufuria tupu, zangu mbili zikiwa za kwanza. Wateja wa gari wanaweza kungoja robo saa.

Kijana aliyefika umri wa kubisha, mwache abishe. Mwanetu, alipokuwa kidato cha pili, aliwahi kusema haamini tena kama Mungu anasikia. Nilitaka kumjibu kwa mistari sita. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, akamwambia, “Kaa tu nasi, si lazima uombe.” Alikaa miezi mitatu bila kuomba. Waefeso 6:4 inawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao, na nadhani kumlazimisha mtu aseme na Mungu asiyemwona ni kumchokoza.

Dada anayewasaidia kazi za nyumbani naye akae mezani, achague wimbo na aombe sentensi yake. Akiwa jikoni anaosha vyombo nyinyi mkiimba upendo, watoto wanaona.

Hatua ya sita: ombaneni msamaha mbele ya watoto

Hapa ndipo ibada nyingi hufia. Watu wakigombana wanaona haya kukaa pamoja kuomba, wanaruka siku moja, siku inakuwa wiki. Sisi tulikubaliana kwamba siku tumekosana ibada inakuwa fupi zaidi, lakini inakuwepo: Baba Yetu tu, na pale penye “utusamehe deni zetu” tunasimama kidogo.

Jioni moja gesi iliisha ugali ukiwa haujaiva. Nilikuwa nimetoka gereji nimechoka, nikamkaripia mke wangu kwamba anajua mtungi ni wa kilo sita na haangalii. Yeye hakujibu. Alitoa jiko la makaa nje, tukala saa tatu kasoro. Ikafika zamu ya kitindamimba kuomba, wakati huo akiwa na miaka mitano. Akasema: “Mungu, asante kwa omena, na umsaidie Baba asimpigie Mama kelele juu ya gesi.” Hakuna aliyesema Amina. Yeye mwenyewe, mwenye Amina, alikuwa amefumba macho akingoja. Nikamwambia mke wangu, palepale, jina lake nikalitaja, “Nimekosa. Nisamehe.” Nikawaambia watoto pia, kwa sababu walisikia kelele na walistahili kusikia na hili.

Namna ya kuomba msamaha ina utaratibu wake, na inafundishika. Taja ulichofanya, usiseme “kama nilikukosea”. Usiweke “lakini”. Usidai kusamehewa hapohapo. Mkubwa aanze, kwa sababu mdogo ameshazoea kulazimishwa kusema samahani na haoni maana yake. Biblia inataka jua lisichwe mkiwa bado na uchungu (Waefeso 4:26). Sisi jua huwa limeshakuchwa, lakini taa hazijazimwa.

Neno la tahadhari, tena nalisema wazi. Kama nyumbani kuna kipigo, msichanganye. Msamaha wa mezani si dawa ya mtu anayepiga mke, mume au watoto, na mchungaji anayemrudisha mtu kwenye kipigo kwa kutumia mistari amekosea. Simu 1195 ni ya bure kwa waliodhulumiwa nyumbani, na 116 ni ya watoto. Toka kwanza, mambo ya ibada yatafuata.

Hatua ya saba: leteni pesa mezani

Familia inaweza kuomba kila jioni na bado mume hajui mke ana deni la chama, wala mke hajui mume amekopa kwa simu. Jioni moja kila mwisho wa mwezi, baada ya ibada, sisi huandika kwenye daftari la mraba kilichoingia na kitakachotoka. Watoto wakubwa wanakaa. Wanaona zaka, kodi, karo, unga, nauli, mtungi. Mwanangu aliacha kudai viatu vya bei siku alipoona mstari wa karo yake mwenyewe.

Kanuni zetu ni mbili. Zaka inatoka kwanza, ya mapato yake inaenda kanisani kwake na ya kwangu kwangu. Na hakuna anayenyanyua mkono kwenye harambee, ya kanisa, ya matanga au ya arusi, kwa zaidi ya shilingi 1,000 bila kumuuliza mwenzake. Hii ya pili ilikuja baada ya mimi kuahidi shilingi 10,000 za mabati mbele ya umati uliopiga makofi, na wiki mbili baadaye mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo. Nilijitetea kwamba ni kazi ya Mungu.

Ukiendelea na Marko utafika sura ya saba, na utamkuta Yesu akiwakaripia watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Tulisoma hapo wiki ileile ya mabati. Mke wangu hakusema neno. Alinipa tu zamu ya kusoma.

Vivyo hivyo kwa muda. Kuna akina baba hapa mjini wanaopanda Menengai kila mwisho wa wiki kufunga na kuomba kwenye mapango. Mlima ni mzuri, nimepanda. Lakini kama mtoto wako hajawahi kukusikia ukimwombea kwa jina lake, shuka mapema Jumamosi moja.

Hatua ya nane: kama mna makanisa mawili

Mke wangu ni Msabato. Kwao imani hiyo ina mizizi mirefu, tangu misheni ya Gendia, ng'ambo ya ghuba kutoka Kisumu, mwaka 1906. Mimi ni wa Jumapili. Watu walituambia haiwezekani. Inawezekana, ila kwa kazi.

Ijumaa ni yake. Jua la Nakuru huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro, kwa hiyo hatuhitaji kubahatisha: saa kumi na mbili chakula kimeshaiva, nguo zimepigwa pasi, na yeye ndiye anaongoza ibada ya kuipokea Sabato. Jumamosi duka lake la cherehani limefungwa, hata Januari wakati wa sare za shule. Hilo lilinichoma kwa muda mrefu, maana ndiyo siku yenye wateja. Niliacha kulalamika nilipopiga hesabu nikaona wateja wake wameshazoea kuja Ijumaa asubuhi. Jumamosi na Jumapili hatuna ibada ya jioni, kila mmoja ameshakaa kanisani vya kutosha. Ndiyo maana nikasema tano.

Watoto huenda Jumamosi na mama, Jumapili na mimi, mpaka wanapofika sekondari, hapo wanachagua. Hatusemi vibaya juu ya kanisa la mwenzetu mbele yao. Tukitaka kubishana juu ya Sabato tunabishana chumbani, na tumebishana sana.

Jambo moja ambalo halihitaji madhehebu: siku ya pumziko, mama naye apumzike. Nyumba nyingi Jumapili baba na watoto wamelala kwenye makochi, mama anasukuma chapati ishirini. Huko ni kubadilisha sare tu, kazi ni ileile. Kwetu Jumapili ninapika mimi na watoto. Ni githeri iliyochemshwa jana yake, tena mara nyingine ina chumvi nyingi.

Anayefanya kazi mbali, au zamu za usiku kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, apigiwe simu wakati wa maombi, asikie Baba Yetu, akate. Mwana aliye bweni tunamwandikia orodha ya mistari ya muhula kwenye karatasi, naye anasoma ileile. Siku ya kutembelewa huwa wa kwanza kuuliza tumefika wapi.

Ikikatika

Itakatika. Matanga ya kijijini, homa, mtihani, stima kupotea wiki nzima. Msiilipe kama deni kwa kusoma sura tatu siku moja, na msiitishe kikao cha kulaumiana nani aliacha. Jioni ya kurudi, fungueni Zaburi ya 117. Ina mistari miwili. Msomeeni kitindamimba, mwache aseme Amina, na mkaoshe vyombo.